Babu Hakurudi Kutoka Burma: Nitampataje?

SWALI: Babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma mwaka 1944, hakurudi. Tuna barua moja tu ya jeshi yenye namba yake. Je, ana kaburi?

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Namba hiyo ni mali. Ipige picha leo, wino wa zamani hufifia. Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Anza na namba yenyewe, si jina. Makarani waliandika majina walivyoyasikia: Salehe akawa Saleh au Sale, na jina la baba likakaa mahali pa ukoo. Ukitumia jina, jaza neno moja tu, mwaka na jeshi, ubadilishe tahajia.

Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan. Asipokuwepo, usikate tamaa: huenda hakufika. Meli ya Khedive Ismail ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944, na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama nayo wamo kwenye mnara ulioko Makaburi ya Vita, Nairobi.

Ukimpata, chapisha ukurasa wake. Ukurasa huo una namba ya safu ya mnara alipoandikwa. Jina limekosewa? Waandikie Tume, ukiambatisha nakala ya barua. Asili ibaki nyumbani.

Kwa wapagazi wa vita vya kwanza kazi ni ngumu zaidi: wengi hawakuandikwa jina popote, na hilo linauma.