Kazi Zilizokoma: Tuliyojifunza Katika Mwaka wa Kwanza wa Shamba la Nyumbani

Juma lililopita tulitimiza mwaka mmoja tangu tuhamie kwenye kishamba chetu cha robo hekta, mimi, mwenzangu na wanetu wawili. Jioni hiyo mwenzangu alileta mezani daftari ambalo jalada lake limegeuka rangi kwa matope, akaanza kujumlisha. Katika daftari hilo amekuwa akiandika kila siku muda tuliotumia katika kazi za lazima, yaani kuteka maji, kumwagilia, kulisha, kusafisha banda na kupalilia. Mwezi wa kwanza tangu tuhamie, wastani ulikuwa saa 5 na dakika 40 kwa siku. Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa saa 2 na dakika 50, ingawa matuta yameongezeka kutoka manne hadi manane na mbuzi wameingia. Miezi hiyo miwili huangukia msimu mmoja wa ukavu, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki.

Kwako wewe unayeanza, ningekusihi uchukue kipimo hiki kabla ya kingine chochote: hesabu ni kazi ngapi za kila siku ambazo zimekoma au zimepungua. Wanaotutembelea huuliza tumevuna kiasi gani, na hawakosei kuuliza, lakini mavuno ya mwaka wa kwanza hutegemea mno mvua na bahati, na yanaweza kukuvimbisha kichwa au kukukatisha tamaa bila sababu ya msingi. Saa iliyopungua leo itaendelea kupungua kesho, na ndiyo saa utakayoitumia kujenga kitu kingine.

Kazi iliyotula zaidi ilikuwa ya maji. Tulikuwa na matuta manne, kila moja likiwa na mita za mraba 10, na wakati wa ukavu kila mita ya mraba yenye mboga huhitaji takriban lita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20 kutoka kisimani, na kila safari ilituchukua dakika 12. Tuliteka hivyo kwa majuma tukijisifu kwa bidii, huku paa la nyumba lenye mita za mraba 60 likiwa juu ya vichwa vyetu bila mfereji hata mmoja. Milimita 1 ya mvua inayoangukia mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 20 katika paa kama letu ni lita 1,200, na hata ukitoa kinachopotea kwa kurukia nje na kuvukizwa, hubaki takriban lita 1,000. Mvua moja ya wastani ingetosha matuta yale kwa siku tano. Hesabu hii ingefanyika kwa dakika mbili kabla ya kuhamia, nasi tuliifanya mwezi wa tatu.

Tulipofunga mifereji na kununua tangi la lita 5,000, tulifanya kosa jingine ambalo nitalieleza kwa urefu kwa kuwa linaweza kuwa la hatari. Lita 1,000 za maji huwa na uzito wa tani 1. Tangi letu likijaa ni tani 5, nasi tulilijengea jukwaa la matofali juu ya udongo tuliokuwa tumeujaza wenyewe juma moja kabla. Mvua ya pili ilipoingiza maji kufikia karibu nusu, mwanangu mkubwa aliona kwamba mstari wa maji ulioonekana kupitia ukuta wa plastiki haukuwa sambamba na ukingo wa tangi. Upande mmoja wa jukwaa ulikuwa umezama kwa upana wa vidole vitatu. Tulifungua koki tukamwaga maji yote, jambo lililoniuma sana, kisha tukachimba hadi kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa, tukashindilia kokoto na kujenga upya. Usiweke tangi juu ya udongo wa kujaza, na usiliweke mahali ambapo watoto hukaa kucheza, hata kama hapo ndipo mfereji unapofika kwa urahisi.

Maji ya mwanzo ya kila mvua, lita 30 hadi 60 kwa paa la ukubwa wetu, huwa yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo tuliweka bomba la pembeni linaloyapokea kabla maji safi hayajaingia tangini. Mdomo wa tangi tuliufunika kwa wavu mwembamba ili mbu wasizalie humo. Tangi hilo halimalizi kiangazi, na atakayekuambia kwamba linamaliza hajapiga hesabu: kwa lita 200 kwa siku hukauka baada ya siku 25. Kinachotusaidia ni kwamba sasa lita 200 zinatosha matuta manane badala ya manne, kwa sababu ya matandazo. Tunafunika udongo kwa nyasi kavu zenye unene wa sentimita 5 hadi 10, tukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina ili lisioze. Ukiingiza kidole chini ya matandazo saa nane mchana utakuta unyevunyevu, ilhali hatua moja pembeni udongo umepasuka. Katika majuma ya mwisho ya ukavu tunapumzisha matuta manne na kurudi kisimani kwa yaliyobaki, lakini hayo ni majuma machache.

Kuhusu kuku, tulianza na vifaranga 30 katika juma la pili, mapema mno. Chanjo ya kwanza ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, niliibeba katika mfuko wa shati kwa zaidi ya saa moja juani, kisha nikaidondosha machoni mwa vifaranga kwa uangalifu mkubwa ambao haukuwa na maana tena. Chanjo hiyo ni hai, yaani ina virusi vilivyo hai, nayo hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hadi wakati wa kutumika, isipokuwa aina chache zilizotengenezwa kuvumilia joto. Baada ya majuma machache vifaranga 11 walikufa, baadhi wakiwa wamepinda shingo na kuharisha kijani. Ugonjwa huu hauna tiba. Tangu hapo ninakwenda kuchukua chanjo nikiwa na chombo chenye barafu, na tarehe ya kurudia, ambayo kwetu ni kila miezi mitatu kama mtaalamu wa mifugo alivyotuelekeza, imeandikwa ukutani na pia daftarini.

Waliosalia walitufundisha jambo la kupunguza kazi. Tulikuwa tukifagia banda kila asubuhi kwa dakika 35, na bado harufu kali ya amonia ilitukaba. Chanzo chake kilikuwa chombo cha maji kilichowekwa sakafuni, ambacho kuku walikiparuria na kukimwaga hadi maranda yakalowa. Tulikining'iniza hadi ukingo wake ukalingana na mgongo wa kuku, tukaongeza maranda makavu hadi unene wa sentimita 10, na sasa tunayageuza kwa reki kwa dakika 5 na kuyaondoa yote baada ya miezi kadhaa. Yakitolewa huenda kwenye lundo la mboji. Lundo letu la kwanza lilikuwa dogo, limejaa majani mabichi na masalia ya jikoni, likanuka uchachu na kubaki baridi. La pili lilikuwa na mita 1 kila upande, kwa vipimo viwili vya vitu vikavu kwa kimoja cha vibichi. Fimbo ya chuma tuliyoichomeka katikati ilipotolewa siku ya nne haikushikika kwa joto.

Mbuzi wawili majike walifika mwezi wa nne kwa sababu tulipata nafasi ya kuwanunua, na hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote za kuleta mnyama. Uzio haukuwapo. Asubuhi ya siku ya pili mmoja alikata kamba, na katika muda usiozidi nusu saa miche 9 kati ya 12 ya miti ya matunda ilibaki vijiti. Baadaye tuliwafunga kwenye vigingi imara, ikabidi tuwahamishe mara tatu kwa siku, dakika 50 kwa jumla, na hapo ndipo safu ya daftari inaonyesha muda ukipanda badala ya kushuka. Ulikoma tulipomaliza uzio wa nguzo na wavu mwezi wa saba. Tumepanda pia ua wa miti kuufuata uzio huo, lakini ua hautazuia mbuzi hadi ukomae, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Ningeanza upya leo, mpangilio wangu ungekuwa maji, uzio, udongo, kuku, halafu mbuzi, na ningetaka kila hatua ipunguze saa kabla ya kuanza inayofuata.

Daftari lenyewe lisiwe na mambo mengi. Letu lina safu sita na huandikwa wakati wa kula jioni. Siku tulizojaribu kuandika kila yai, kila kilo na kila hali ya hewa, tuliacha baada ya juma moja. Manufaa ambayo sikuyatarajia ni kwamba lilimaliza ugomvi wa nyumbani. Mimi niliamini kwamba nafanya kazi nyingi kuliko wote, hadi ilipobainika kwamba mwenzangu alikuwa akitumia saa nzima zaidi kila siku katika kazi ambazo sikuwa nimezihesabu kuwa kazi, na tukagawana upya.

Kinachobaki ni kupalilia, ambako bado kunachukua dakika 74 katika zile 170 za kila siku. Tumejifunza kupalilia asubuhi udongo ukiwa mkavu juu, kwa kuwa magugu yaliyokatwa hunyauka kabla ya jioni, ilhali udongo ukiwa umelowa mengi hushika mizizi upya. Katika tuta moja tumejaribu pia kulimwagilia kabla ya kupanda, tukasubiri siku 10 hadi magugu yakachipua, tukayaparua kwa kina cha sentimita 2 tu ili tusiibue mbegu nyingine kutoka chini, ndipo tukapanda. Tuta hilo sasa linahitaji dakika 4 kwa siku. Mengine saba bado ni takriban dakika 10 kila moja, na tutayafanyia hivyo moja baada ya jingine kadiri mazao yaliyomo yatakavyokuwa yakivunwa.