Daktari amenikataza kufunga, nafsi inanisuta

*Shangazi, asalaam aleikum. Nina miaka 58 na nadunga insulini. Daktari amenikataza kufunga. Ramadhani iliyopita nilifunga kwa siri, nikaanguka jikoni kabla ya Magharibi. Sasa magoti nayo yamegoma, naswali kwenye kiti na naona haya mbele ya wenzangu. Ibada yangu imebaki nini?*
*Mama N., Tanga*

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana.

Sukari ikimshuka anayedunga insulini, jasho humtoka, mikono hutetemeka, akili huchanganyikiwa hata asiweze kuita mtu. Ungeweza kufia pale pale kwenye sufuria za futari. Nakuomba sana, usirudie.

Ruhusa yako imo katika aya zile zile zilizofaradhisha saumu, Al-Baqara 183 hadi 185. Mgonjwa ametajwa humo humo. Hukujipendelea, uliwekewa nafasi kabla hujazaliwa. Kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona kuna fidia, nayo kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku pwani ni kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mchele unafaa.

Na kiti? Imran bin Husayn, sahaba aliyesumbuliwa na bawasiri, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akaambiwa aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hakuambiwa ajifiche.

Najua hukumu hizi unazijua, na bado moyo unauma. Nadhani unamlilia yule mwanamke aliyeamsha nyumba nzima kula daku, aliyesujudu bila kushika ukuta. Mlilie, si kukufuru. Ila kuna hadithi katika Bukhari inayonifariji mno: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima, yuko kwake. Miaka yako yote ya saumu haijakatika, dada. Unapokunywa chai na dawa mchana wa Ramadhani, bado unaandikiwa.

Kwa hiyo nenda kliniki mapema, Shaaban isikuishie, mpange dozi na milo. Fidia ikikuelemea, zungumza na sheikh wako. Futari pika kama kawaida, na safari hii onja chumvi mwenyewe. Watoto nao usiwaache wakuchunguze. Waite uwaambie kwa kinywa chako kwamba mwaka huu hufungi.