Grafu inasevu nyeupe, tarehe nazo zimebanana

Bro, hiyo ya kusevu grafu ya bei ya omena alafu ukifungua faili unapata nyeupe tupu, pole, wengi imetupiga. Matplotlib, hiyo library ya Python ya kuchora grafu, haina shida, ni vile umepanga code yako: umeweka plt.show() kwanza ndio plt.savefig() ikafuata, sasa ukishafunga hiyo dirisha grafu imeenda nayo, savefig inakuja inaanzisha ingine haina kitu na hiyo ndio inasevu. Zigeuze tu, savefig ianze.

Tarehe kubanana huko chini kama abiria wa matatu ya Kondele, Kisumu, jioni, usikimbilie kuzungusha maandishi. Nashuku hiyo kolamu imesomwa kama maneno, so "03/02/2024" kwa Matplotlib ni jina tu kama la mahali, "Dunga", na kila moja inapewa nafasi yake. Ipitishe kwa pd.to_datetime (pd ni pandas, library ya kusoma data), na uweke dayfirst=True juu sisi tunaanza na siku, la sivyo tarehe 3 Februari inageuka 2 Machi kimyakimya. Hiyo ilinikula wikendi nzima hapa Nakuru, nikidhani ni data mbaya.

Maneno yakikatwa pembeni, ongeza bbox_inches="tight" ndani ya savefig.