Kabla hujaongeza uniti za jioni, amka saa 9 usiku upime

Una kisukari, umelala na sukari 8 (mmol/L), usiku hukugusa chakula, asubuhi kipimo kinasoma 13. Wengi wetu tukiona hivyo tunaongeza uniti za insulini za jioni, au tunapunguza ugali mpaka tunalala na njaa. Yote mawili yanaweza kukuangusha usiku, maana namba ya asubuhi haikuambii sukari ilipita wapi ulipokuwa usingizini.

Weka alamu. Kwa siku tatu pima unapokwenda kulala, pima tena saa 9 usiku, kisha ukiamka kabla ya chai. Andika kwenye daftari, pamoja na saa uliyokula, saa uliyochoma na uniti ngapi. Stripu ni ghali, tunajua, lakini hizo 9 zitakufunulia mengi kuliko mwezi mzima wa kupima asubuhi peke yake.

Ukikuta saa 9 usiku ilikuwa 7 au 8, halafu asubuhi 12, hiyo ni sukari ya alfajiri. Kuelekea kucha mwili hutoa homoni, ikiwemo kotisoli, na ini huachia sukari. Kongosho zima lingejibu kwa kuongeza insulini. Lako haliwezi, na uliyochoma jioni imeshachoka. Hapa tatizo mara nyingi ni saa kuliko kiasi. NPH (ile nyeupe kama maziwa, wengi wanaijua kwa jina la Insulatard) huwa na nguvu zaidi kati ya masaa 4 na 10 baada ya kuchoma. Ukichoma saa 12 jioni, kali yake inapita usiku wa manane na alfajiri inakukuta umebaki na mkia. Ndiyo maana daktari huweza kuihamishia saa 3 au 4 usiku.

Anayetumia Mixtard (insulini ya mchanganyiko) asiige hilo. Ndani yake kuna asilimia 30 ya insulini ya haraka, inayotaka chakula ndani ya nusu saa baada ya kuchoma. Ukiichoma unapokwenda kulala bila kula, itakushusha kabla ya saa 9 hiyo unayotaka kupima. Muulize daktari kama inafaa kutenganisha: ya haraka kwa chakula cha jioni, NPH wakati wa kulala.

Saa 9 usiku ikiwa chini ya 4, hadithi inageuka kabisa. Dalili zake ni shuka kulowa jasho, ndoto mbaya, kuamka kichwa kinauma. Mwili unaweza kujiokoa kwa kumwaga sukari, au wewe mwenyewe umeamka na njaa ukanywa soda nzima, asubuhi ukasoma 14. Ukiongeza uniti hapo unajichimbia shimo. Dozi hiyo hupunguzwa. Usiku huo ukikuta iko chini ya 4, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Kumbuka pia ulifanya nini mchana. Ukishinda shambani ukipalilia viazi, misuli inaendelea kuvuta sukari hadi usiku. Na ulanzi, hata ukiwa mtamu mdomoni, pombe yake hulizuia ini kutoa sukari, kwa hiyo anayekunywa jioni bila kula ndiye huanguka usiku.

Namba zote tatu zikiwa juu, anza na sahani: wali wa Kyela uliojaa saa 3 usiku hauwezi kuwa umetulia ulipopanda kitandani.

Baridi yetu ya Nyanda za Juu Kusini nayo ina mambo yake. Insulini nyeupe hutuama. Izungushe taratibu viganjani mara 10, uipindue juu chini mara 10, mpaka iwe na weupe mmoja. Usiitikise kwa nguvu. Isipochanganyika, leo unachoma hafifu, kesho kali. Makete na Njombe mwezi Juni na Julai usiache chupa dirishani, kwani ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Glukomita nyingi hukataa kufanya kazi chini ya nyuzi 10, basi ilaze karibu na blanketi. Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na ukauke vizuri: utomvu wa tunda kidoleni hupandisha namba. Papasa pia mahali unapochoma. Pakiwa na uvimbe mgumu, insulini hunyonywa ovyo, hamia sehemu nyingine.

Mabadiliko ya dozi yakubaliwe kliniki, na mara nyingi huwa uniti 2 tu kwa hatua, kisha siku 3 za kuangalia. Daftari lako ndilo watakalolisoma.

Ila sukari ikipita 15 huku unatapika, unahema kwa nguvu au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usiache insulini eti kwa sababu hujala.