Maswali ya Wasomaji: Uchafu Unaoipa Kauri Mwanga

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya sekondari wilayani Mpwapwa. Wanafunzi wangu, ambao baadhi yao wana ndugu waliowahi kuchimba rubi, kito chekundu, kule Winza, wameniuliza kwa nini oksidi ya alumini iliyo safi ni nyeupe, ilhali rubi, ambayo kimsingi ni oksidi hiyohiyo, huwaka nyekundu ikimulikwa kwa tochi ya urujuanimno. Je, kauri inayochomwa kutokana na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanometa (sehemu ya bilioni ya mita), hufuata kanuni hiyo? — Mwalimu, Mpwapwa.

JIBU: Mwalimu, kinachotofautisha vitu hivyo viwili ni uchafu, yaani kitu kigeni kilichochanganyika ndani ya fuwele: hapa ni metali ya kromiamu, tena kidogo sana. Ioni yake, yaani atomu yake yenye chaji ya umeme, ina chaji sawa na ile ya alumini, yaani chanya tatu, lakini ni nene kidogo: nusu kipenyo chake ni nanometa 0.0615, na cha alumini ni 0.0535. Kwa hiyo hukalia nafasi ya alumini ndani ya fuwele huku ikibanwa na oksijeni sita zinazoizunguka, na mbano huo ndio unaopanga ngazi za nishati za elektroni zake, hata ikafyonza mwanga wa kijani na wa urujuani, kisha ikatoa mwekundu wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 692.9 na 694.3. Leza ya kwanza, aliyoiwasha Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, ilitumia mwekundu huu. Na rubi ya leza kwa kawaida huwa na oksidi ya kromiamu isiyozidi sana 0.05% ya uzito wake.

Katika chembe za nano mambo huwa na utata zaidi, na hapa ndipo swali lako linaponoga. Unga mwembamba wa oksidi ya alumini mara nyingi huwa katika umbo liitwalo gama, ambamo ioni za alumini zimetawanyika katika nafasi za aina mbili bila mpangilio kamili. Kila ioni ya kromiamu huona majirani tofauti kidogo na wale wa mwenzake, hivyo mwanga wake hutoka ukiwa mpana na uliofifia. Unga huo ukichomwa kwenye tanuru hadi karibu nyuzi 1,100 au 1,200 za sentigredi, hugeuka kuwa umbo la alfa, lile la rubi, na ile mistari miwili myembamba ya mwanga mwekundu hujitokeza. Kwa mtazamo wangu, hiyo ni njia nzuri ya kuutumia mwanga kama shahidi wa umbo.

Uchafu nao huathiri umbo lenyewe. Chuma huharakisha mageuzi hayo ya gama kuwa alfa, wakati metali ya lanthanamu, ambayo ioni yake ni kubwa mno kuingia katika fuwele, hujikusanya kwenye nyuso za chembe na kuyachelewesha. Magnesiamu kidogo huzuia punje kukua ovyo na kuacha vitundu vya hewa ndani yake, na ndiyo iliyowezesha kutengeneza mirija ya kauri ipitishayo mwanga ya taa za sodiamu zinazomulika barabara. Kwa hiyo nisingependa tuulize uchafu ni kiasi gani tu, bali pia umekaa wapi.

Hata hivyo kiasi nacho kina mpaka. Kromiamu ikizidi, ioni hukaribiana, nishati huruka kutoka moja hadi nyingine mpaka ifike mahali ambapo hupotea kama joto, na mwanga hupungua badala ya kuongezeka. Chuma hufanya vivyo hivyo hata kikiwa kidogo, kwa kuichukua nishati ya kromiamu kabla haijatoka kama mwanga. Ndiyo maana rubi mbili zenye wekundu unaolingana zinaweza kutofautiana kabisa chini ya tochi: yenye chuma kingi hubaki na giza, na nyingine huwaka kama kaa la moto.