Soketi ya Matundu Matatu Isiyo na Ethi

SWALI: Nyumba tunayopanga Kaloleni, Arusha, ni ya zamani. Soketi zilikuwa za matundu mawili, mwenye nyumba akabadilisha akaweka za matatu. Nikigusa kompyuta ya mezani kwa nyuma nikiwa peku, vidole vinachomachoma. Fundi anasema ataunganisha tundu la ethi (waya wa kuteremsha umeme ardhini) na nyutro humo humo ndani ya soketi, yaishe. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu msomaji. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, mbaya kuliko kukaa bila ethi kabisa. Nyutro ndiyo inayorudisha umeme. Skrubu yake ikilegea au waya ukakatika huko nyuma, umeme uliopita ndani ya kompyuta hukosa njia ya kurudi na kuishia kwenye kasha lake la chuma, volti 230 nzima, ingawa kompyuta yenyewe haina ubovu wowote. Siku mtu akipishanisha waya wa moto na nyutro kwa bahati mbaya, kasha linakuwa na umeme papo hapo.

Hiyo chomachoma ina sababu. Pawasaplai ya kompyuta (sehemu inayoilisha umeme) ina kapasita ndogo, moja kati ya waya wa moto na kasha, nyingine kati ya nyutro na kasha. Kazi yake ni kuchuja kelele za umeme. Ethi ikiwepo, mkondo wake unateremka ardhini. Isipokuwepo, kasha hubaki kwenye nusu ya umeme, kama volti 115. Mkondo wenyewe kwa kawaida hauzidi miliampia 1, hauui, lakini umekwisha kukuambia kwamba tundu la tatu ni pambo.

Fundi apime kwa multimita. Waya wa moto na nyutro: karibu 230. Waya wa moto na ethi: karibu hiyo hiyo; namba ikiyumbayumba kwenye 40, 90 au 110, ethi hakuna. Halafu nyutro na ethi, pasi ikiwa imewashwa kwenye soketi hiyo kwa kutumia adapta: ethi ya kweli huonyesha volti chache. Ikisoma 0.0 tu, fungua soketi (meinswichi ikiwa imezimwa) uangalie kama hakuna aliyekwisha kuziunganisha.

Tiba yenyewe ni fimbo ya ethi ya shaba, mita 1.2, ipigwe mahali penye unyevu. Udongo wetu wa volkano una mawe, na kiangazi hukauka, kwa hiyo fimbo moja mara nyingi haitoshi. Ziongezwe, zikiachana angalau kwa urefu wa fimbo, na ziunganishwe. Kutoka hapo waya wa kijani na njano uende mpaka kila soketi. Kisha iwekwe RCD ya miliampia 30 (swichi inayokata umeme ukivuja), na hii si hiari. Hesabu ni nyepesi: ethi yenye ukinzani wa omu 50 ikipewa volti 230 hupitisha ampia 4.6 tu. Breka ya ampia 32 haitashtuka, RCD itakata. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

SWALI: Mimi niko Pasua, Moshi. Mwenye nyumba hataki kuta zivunjwe. RCD peke yake inatosha?

JIBU: Inasaidia sana, mama. RCD hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, haihitaji ethi kufanya kazi. Ila bila ethi haikati mpaka mtu aguse na mkondo upite mwilini mwake. Kwa ethi ingekata kabla. Kitufe cha T ukibonyeze kila mwezi, lakini usidhani kinathibitisha ethi ipo: ukikibonyeza RCD hukata hata pasipo ethi. Kuta si lazima zivunjwe, waya wa ethi unaweza kupita kwenye tranki (mifereji) za plastiki juu ya plasta.

Kwa sasa tumia vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani visivyohitaji ethi: chaja za simu, televisheni nyingi. Friji, pasi, birika, mashine ya kufulia na maikrowevu vinahitaji ethi. Ekstensheni haileti ethi isiyokuwepo ukutani, na ile ya kuzuia umeme mkubwa hupoteza sehemu ya kinga yake, kwa sababu humwaga ziada huko huko kwenye ethi.

SWALI: Watoto huchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Tundu la juu ndilo linalofungua vifuniko vya matundu ya chini, na pini nyembamba hukaa zikilegea, hupata moto na kuunguza soketi. Nunua adapta yenye fyuzi.