Sura yako ya tatu haina sufuria

Mwanangu mpenzi,

Kurasa zako arobaini nimezipata. Mdogo wako alikwenda kuzichapisha pale stesheneri, maana mimi na kioo cha simu hatupatani. Nimezisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama mama, nikajisikia fahari mpaka nikamsomea jirani kipande. Mara ya pili nikasoma kama mtunza stoo mstaafu, na hapo nikatafuta kalamu.

Umeniuliza hivi: yule mgawa posho kwenye riwaya yako, kwenye koloni la wafungwa wa Waingereza pale Sydney, Australia, mwaka 1790, chakula kinaisha na meli haionekani, akishika mizani moyoni mwake kuna nini? Ukaongeza, "Mama, wewe umegawa chakula kisichotosha miaka kumi na tisa, nisipokuuliza wewe nitamuuliza nani?" Haya. Nitakujibu, ila kwanza nipitie stoo yako, maana mtunza stoo hakabidhiwi bila kuhesabu.

Mwanzo umeuweka vizuri. Meli kumi na moja zinatoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, Marekani imekwisha kujitwalia uhuru na haipokei tena wafungwa wa Waingereza, magereza yamefurika mpaka watu wanafungiwa kwenye meli kuukuu mtoni Thames. Wanafika Sydney tarehe 26 Januari 1788, zaidi ya watu elfu, na hakuna hata banda la kuku linalowangoja. Hapo sina neno. Sura ya tatu ndiyo imenitatiza. Nimehesabu, viboko umevitaja mara kumi na nne, minyororo mara tisa. Sufuria hakuna hata moja.

Najua viboko vilikuwepo, na kitanzi kilikuwepo. Thomas Barrett walimnyonga mwezi ule wa pili tu tangu wafike, Februari 1788, kwa kuiba chakula cha stoo. Lakini mtu anapigwa kiboko siku moja moja, na anakula au anakosa kula kila siku. Wewe unamwandika mgawa posho, kwa hiyo kaa naye mlangoni pa stoo.

Nimechukua karatasi nikapiga hesabu kama zamani. Walipofika, mwanamume alikuwa na ratli saba za unga kwa wiki, kilo tatu na kidogo, na nyama, njegere, siagi kidogo. Mwanamke alipewa theluthi mbili ya hizo. Aprili 1790, baada ya meli ya Sirius kuvunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk, Gavana Arthur Phillip akakata: ratli mbili na nusu za unga kwa wiki, ratli mbili za nguruwe wa chumvi, ratli mbili za mchele. Kiasi hicho hicho kwa kila mtu mzima, na kwa kila mtoto aliyevuka mwaka na nusu. Ukigawa kwa siku saba, unga haufiki gramu 165 na mchele ni kama gramu 130. Wewe nyumbani kwetu ulikuwa unaupata mchele huo kwenye sahani ya kwanza, kabla hujaomba kuongezewa.

Na chakula chenyewe kilikuwa kimezeeka. Nguruwe alikuwa kwenye chumvi miaka mitatu au minne. Kapteni Watkin Tench, ofisa wa askari wa majini aliyeyaona haya kwa macho yake, ameeleza jinsi walivyokuwa wakikichoma kipande kwa uma juu ya moto na kukinga matone ya mafuta kwa mkate au kwa sahani ya wali, maana ukikichemsha kinanywea hadi kubaki nusu. Mchele ulikuwa na wadudu wengi mpaka punje zilionekana zinatembea. Hapo nilicheka peke yangu. Unaukumbuka unga wa Yanga? Hapana, hukuwa umezaliwa. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano ya msaada, tukauita hivyo kwa rangi ya jezi ya timu ya mpira ya Yanga. Ulikuwa na harufu yake, na wanafunzi waliuapia kwamba ni chakula cha ng'ombe. Walikula lakini.

Kuna jambo jingine la Tench ambalo sijui kwa nini umeliacha. Mtu akibahatika kumpiga ndege kwa bunduki au kupata samaki mwambani, akamwalika mwenzake chakula cha jioni, mwaliko ulikuwa unamalizika hivi: uje na mkate wako. Hata mezani kwa gavana. Maofisa wamevaa makoti yao, wanakaa, kila mmoja anaingiza mkono mfukoni, anatoa kipande chake cha mkate na kukiweka kando ya sahani. Mwanangu, mimi nimezaliwa Tanga. Mgeni kuja na mkate wake kwetu ni msiba, watu wangezungumza miezi sita. Picha hiyo moja inatosha badala ya kurasa tatu za njaa ulizoandika.

Huyo gavana, sipendi unavyomfanya jitu baya moja kwa moja. Unga wake binafsi, zaidi ya kilo mia na hamsini, aliutoa ukaingia stoo ya wote, akasema mezani kwake kisionekane zaidi ya anachopata mfungwa. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa, na wa namna hiyo sikumpata. Mwandike basi pamoja na ukaidi wake, lakini mkate wake usimnyang'anye.

Halafu usawa huo wa posho nao uutazame kwa jicho la mgawaji. John Caesar umemtaja mstari mmoja, nami ningemtaka sura nzima. Mtu mweusi, inaaminika alizaliwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, akahukumiwa Uingereza kwa wizi, akaletwa na meli zile za kwanza kwanza. Jibaba la mtu, mchapakazi kuliko wote. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, anamwandika kwa dharau kabisa, kwamba ana ulafi, anaweza kumaliza posho ya siku mbili kwa siku moja. Mimi nikisoma hapo namwona Collins amekaa na kalamu, na Caesar anabeba magogo, na wote wawili wanapimiwa kwa kipimo kimoja. Ulafi uko wapi? Mwili mkubwa unadai. Akaiba chakula, akatoroka porini mwaka 1789, akakamatwa, akatoroka tena, hadi alipopigwa risasi mwaka 1796 kwa zawadi ya galoni tano za ramu. Nilikuwa na wanafunzi wa namna hiyo, vijana warefu wanaopasua kuni za jikoni, na sahani yao ni ile ile ya mtoto wa kidato cha kwanza. Sheria ilisema sawa kwa wote na mimi niliifuata.

Kuhusu wizi wa stoo, umeuweka kwa wafungwa. Kweli waliiba, lakini kisa kikubwa ni cha walinzi. Askari wa majini walijichongea funguo, na zamu ya mmoja wao ikifika usiku wenziwe wanaingia, wanachota, wanatoka, miezi na miezi. Machi 1789 ufunguo ukamvunjikia mmoja ndani ya kufuli. Asubuhi msimamizi anakuta kipande cha chuma tunduni, kinapelekwa kwa mhunzi, mhunzi anakitambua kwa sababu mwenyewe aliwahi kuurekebisha ule ufunguo. Mmoja akawataja wenzake ili apone, sita wakanyongwa. Sikiliza, nikikuta kipande cha ufunguo kwenye kufuli langu, nisingefikiria kitanzi hata kidogo. Ningeanza kukumbuka magunia yote niliyodhani nimeyahesabu vibaya, na usiku wote niliojilaumu kwamba nimekuwa mbumbumbu wa hesabu. Mpe mgawaji wako asubuhi hiyo.

Sasa nifike kwenye jibu. Nimelichelewesha makusudi, nadhani umeshanijua.

Mei 1790, walikuwa wameacha kugawa kwa wiki, wanagawa kila siku, kwa kuwa wengine walikuwa wakipewa cha wiki wanakimaliza papo hapo. Mzee mmoja mfungwa amesimama pale stoo na wenzake akingoja cha siku hiyo. Akaanguka. Wakambeba hospitali, kesho yake asubuhi akafa. Walipompasua walikuta tumbo tupu kabisa. Na Collins, yule yule wa Caesar, akaandika sababu, na kwa hilo namshukuru: mzee hakuwa na chombo cha kupikia. Posho yake alikuwa akiipata sawasawa na wengine. Lakini ili aazimwe chungu, ilimbidi amkatie mwenye chungu sehemu ya chakula. Siku ambazo hakutaka kukatwa alikula mchele mbichi, na vyakula vingine vibichi, mpaka tumbo likamshinda.

Niliposoma hapo niliziweka karatasi chini nikaenda kukaa uani.

Nilikuwa na mwaka wangu kama huo, 1984, kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mizani yangu ilikuwa sahihi. Daftari langu lilikuwa safi, mkaguzi alilisifu mbele ya wenzangu. Kila mwanafunzi alikuja na sahani yake ya bati, kikombe na kijiko, ndivyo fomu ya kujiunga ilivyosema. Kulikuwa na kijana mmoja, mwembamba, mpole, nilimwona kila siku kwenye foleni na sikumwona. Sahani yake iliibwa wiki ya pili tu. Nyumbani kwao hapakuwa na nyingine, na aliona haya kusema. Akawa anakodi sahani ya mwenzake. Kodi ilikuwa matonge matatu na maharage ya juu. Mwenye sahani akimaliza kula ndipo anampa, anakimbia dirishani, na kule dirishani mara nyingine anakuta wapishi wanakwangua ukoko.

Ilikwenda hivyo karibu muhula mzima. Aliyeniambia ni mpishi mkuu, mzee wa Kidigo, tena kwa kupitia tu, tukiwa tunahesabu magunia matupu. "Yule mtoto wa kukodi sahani leo kaumwa." Nikamuuliza kukodi nini? Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni wa mji.

Basi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu nikishika mizani, na nadhani ndilo la mgawaji wako. Huruma inakupitia asubuhi ya kwanza, halafu inachoka. Kinachobaki ni mshale wa mizani, utulie katikati, pasipatikane mtu wa kusema umempunja. Unamimina, unaweka alama, unaita mwingine. Kikishavuka dirisha kwako kimeshaliwa. Nyuso unaziona kama namba, na usiku unalala vizuri kwa sababu hesabu imekubali. Ukimwandika analia akigawa, mtu aliyewahi kugawa hatakuamini. Mwandike amefurahi kwamba gramu zimetimia, halafu mzee yule aanguke miguuni pake, na yeye kwanza aangalie kama unga umemwagika.

Mambo mengine madogo. Umewasahau wenyeji. Pale ghubani, wakati wageni wanahesabu punje na kutazama baharini, wanawake wa Eora walikuwa wakivua ndani ya mitumbwi ya magome, na moto mdogo unawaka humo humo ndani ya mtumbwi juu ya udongo. Nchi ilikuwa inalisha watu wake, ingawa ndui ya mwaka 1789 ilikuwa imewafyeka. Mhusika wako mmoja atazame ule moto majini jioni.

Na sura ya nne, unapoleta msafara wa pili wa Juni 1790, nakuomba uanze na mkataba. Wenye meli walilipwa kwa kichwa kilichopandishwa Uingereza, bila kujali wangapi watashuka hai. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alifia njiani. Mgawaji wako ataelewa hesabu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote bandarini.

Yule kijana nilimpa bakuli. Lilikuwa bakuli la stoo, la bati, lenye ua jekundu, nikalitoa bila kuandika popote, mara yangu pekee. Mwisho wa mwaka mkaguzi akahesabu akakuta hamsini na tisa badala ya sitini, akaniuliza, nikasema limevunjika. Akaniuliza bati linavunjikaje. Nikalilipa kwenye mshahara wa Januari, na kwenye daftari liko mpaka leo, "bakuli 1, halionekani."

Karatasi zako nimezifunga kwa uzi mwekundu, nilipoandika pembeni usinune. Baba yako anauliza kama huko baridi imeanza.

Mama yako